Kilo Tano za Mkono wa Kulia

Nilimfuta mama yangu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kati ya chai na kikao cha idara. Ilichukua sekunde moja. Nilibonyeza kitufe, mstari ukatoweka kwenye jedwali, mistari ya chini ikapanda kuziba pengo, nami nikamalizia chai yangu. Sikujua kwamba ni yeye. Kwangu alikuwa W-17, na W-17 alikuwa ananiharibia kazi.

Nieleze kazi yenyewe, maana watu wakisikia mtafiti wanadhani nafuga panya. Mimi napima misuli ya watu waliopata kiharusi. Mkono wa mtu aliyepigwa na kiharusi unakuwa palepale ulipokuwa jana, mfupa upo, msuli upo, ila amri kutoka kichwani haifiki. Kazi yangu ni kujua nguvu inarudi kiasi gani, inarudi lini, na inaacha kurudi lini. Hilo la mwisho ndilo muhimu na ndilo hakuna anayetaka kulisikia. Nilisomea udaktari wa kawaida, nikafanya wodini miaka minne, kisha nikahamia kwenye utafiti kwa sababu takwimu hazina ndugu wanaolia koridoni. Nilikuwa naamini hivyo.

Mashine yetu ni kishikio cha chuma chenye saa ya mviringo juu yake. Unakamata, unakaza, mshale unapanda, mtu anasoma kilo. Inakaa kwenye chumba cha ghorofa ya pili, nyuma ya hospitali, mlango unaofuata baada ya stoo ya magodoro. Kuna meza, kuna kiti chenye mikono, kwa sababu kiwiko lazima kikunjwe nyuzi tisini, na kuna feni inayozunguka ikijisikia. Ukutani kuna grafu niliyoichora mwenyewe, yenye mistari miwili. Nitaifikia.

Anayepima ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye jina lake lipo kwenye mkataba, lakini hata mkurugenzi anamwita Mama Kaza. Ni kwa sababu ya maneno anayotakiwa kumwambia kila mtu anayekaa kwenye kile kiti: "Ukiwa tayari, kaza. Kaza, kaza, kaza. Legeza." Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, hakuna kupandisha sauti. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Mtu ukimshangilia anakaza zaidi, na ukimshangilia huyu ukamwachia yule, takwimu zako zimeoza. Mama Kaza ana sauti ya mtu anayetangaza kwamba treni imechelewa tena. Nilimwajiri kwa sauti hiyo.

Sasa, huwezi kujua mgonjwa amepungukiwa nini kama hujui mtu mwenye afya wa umri wake anakaza kilo ngapi. Kwa hiyo nilihitaji wazima thelathini wa miaka sitini na tano kwenda juu. Mtu wa kwanza kunijia kichwani alikuwa mama yangu, tunayekaa naye nyumba moja. Mama alipiga mihuri posta kwa miaka thelathini na moja. Barua, vifurushi, telegramu, mkono wa kulia, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Utotoni alikuwa na kofi moja tu kwa mwaka, lakini ungeweza kusoma tarehe yake shavuni, kama ya muhuri. Nimejisifia mkono ule mbele ya wageni, mbele ya wanafunzi, mara moja hata mbele ya waziri ambaye hakuuliza.

Mama alikataa. "Mimi si panya wako," alisema. Miezi miwili baadaye nikamwomba tena, akakataa tena, akaongeza kwamba nimemlisha mke wangu takwimu mpaka maskini amekonda. Nikaachana naye. Halafu jioni moja, bila mtu kumuuliza, akasema tukiwa mezani, "Ile mashine yako bado ipo?"

"Ipo, Mama."

"Basi nitakuja wiki hii."

Nilimkonyeza mke wangu. Tulipobaki wawili nikamwambia kwamba kushawishi watu ni kipaji, na kwamba si kila mtafiti amejaliwa. Mke wangu ni mwalimu wa shule, amezoea kusikiliza watu wanaojibu maswali ambayo hawajayaelewa. Alisema "haya" na kuzima taa.

Kwa utaratibu wangu mwenyewe, mimi sipimi ndugu, wala sioni majina. Kila mtu ana namba. Wazima ni W, wa kiharusi ni K. Daftari la majina liko kwenye droo ya Mama Kaza, droo ina kufuli, na kufuli halifunguliwi mpaka vipimo vyote viishe. Kwa hiyo mama alikuja siku niliyokuwa kikaoni, akapimwa, akaenda zake. Sikuuliza chochote. Nilijiona mtu wa maadili.

Wiki tisa zikapita. Wiki tisa hizo nitazieleza kama zilivyokuwa, bila kujitetea.

Mama, ambaye maisha yake yote aliniandikia orodha ya vitu vya dukani kwa mwandiko wa kujivunia, alianza kunitumia ujumbe wa sauti. Dakika tatu nzima: "Mwanangu, ukipita dukani lete sabuni, si ile ya juzi, ile ya juzi inawasha." Nikafurahi kwamba amekwenda na wakati. Magauni ya vifungo aliyaweka chini ya sanduku, akaanza kuvaa yale ya kutumbukiza kichwa tu. Nikasema ni joto. Kikombe akashika kwa kushoto, mkono wa kulia ukakaa mapajani chini ya mtandio. Kwa hilo sikusema chochote kwa sababu sikuliona.

Mke wangu aliliona. "Baba watoto, mama siku hizi anafungua mlango kwa kushoto."

Nikamjibu kwamba wazee wengi hutumia mikono yote miwili kadiri umri unavyosonga, na kwamba kuna tafiti. Hakuna tafiti. Nilizitunga palepale nikiwa na kijiko mdomoni.

Na kila jioni mama aliuliza swali lilelile: "Leo umesoma nini kazini?" Nami namweleza. Huyu bega limegoma, yule kidole gumba kimeanza kucheza, yule mwingine ndugu zake wanamlisha kama mtoto ndiyo maana haponi. Mama anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anauliza, "Na sisi wazima? Majibu yetu bado?"

"Bado, Mama. Kuna utaratibu."

"Haya," anasema, na kurudi kwenye chakula chake.

Wiki ya sita nilisafiri kwenda kwenye mkutano wa kitaaluma, nikatoa mada juu ya dalili ambazo familia huziona nyumbani na kuzipuuza. Nilipigiwa makofi. Nina cheti.

Jumatatu ya wiki ya tisa nikafungua jedwali la wazima kwa mara ya kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kutafuta kilo nyingi zaidi upande wa wanawake, nikakuta W-22, mkono wa kulia kilo ishirini na nane. Nikacheka peke yangu ofisini. Nikampigia mke wangu simu kumwambia mama ameshinda wanawake wote, na amewapita wanaume wanne. Utaratibu unakataza kubahatisha majina, lakini mkono ule ningeutambua popote. Baadaye nilikuja kujua kwamba W-22 ni mwanamke anayefua mashuka ya hospitali. Namheshimu sana.

Kisha nikafika W-17. Kushoto kilo ishirini na moja. Kulia kilo tisa.

Mtu mwenye afya hawi hivyo. Anayetumia mkono wa kulia, mkono huo huwa na nguvu kidogo kuliko wa kushoto, au inakaribiana. Tisa kwa ishirini na moja ni mtu wa kiharusi. Na mtu wa kiharusi hawezi kuwa kwenye kundi la wazima. Kwa hiyo namba ni ya uongo. Ndivyo nilivyofikiri, hatua kwa hatua, na kila hatua niliikanyaga kwa kujiamini.

Nikaanza na mashine. Nilimwita Mama Kaza, tukafunga kamba kwenye kishikio, tukaning'iniza ndoo yenye lita nane za maji. Ndoo yenyewe ina kilo moja. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukasimama kwenye tisa.

"Mashine inaijua tisa," alisema Mama Kaza.

"Basi umeandika vibaya."

"Niliandika nilichokisoma."

"Basi huyo mtu hakukaza. Alikuwa anakuchezea."

"Alikaza mpaka machozi yakamtoka."

"Hayo machozi umeyaandika wapi?"

"Jedwali halina safu ya machozi, Profesa."

Mimi si profesa. Ananiita hivyo nikianza kumkera. Nikamuuliza W-17 ni nani, akanijibu kwamba daftari liko kwenye droo, droo ina kufuli, na kufuli niliweka mimi. Nikamwambia asinifundishe utaratibu wangu. Akanikazia macho.

"Unaniuliza kweli," akasema, "au unanipima?"

"Nikupime nini?"

Akafungua kamba, akabeba ndoo, akaenda kumwaga maji. Siku nzima hakusema tena na mimi, nami nikachukulia kwamba amenuna kwa kuambiwa ameandika vibaya. Wataalamu wa viungo wananuna sana.

Kesho yake nikamfuta, kama nilivyosema.

Lakini kufuta kunataka saini mbili, yangu na ya aliyepima. Nikampelekea Mama Kaza fomu. Aliisoma kuanzia juu mpaka chini, pamoja na namba ya ukurasa, akanirudishia.

"Sisaini."

"Ni amri."

"Ni fomu. Kanuni yako inasema kipimo kikitiliwa shaka kirudiwe na mtu mwingine. Mtu mwingine humu ndani ni wewe. Mpime kwa mkono wako, halafu nitasaini unachotaka, hata barua ya kuacha kazi."

Nilikasirika. Nilikuwa na ripoti ya kupeleka mwisho wa mwezi, na mtu mmoja asiyejua kukaza alikuwa ananichelewesha. "Sawa," nikasema. "Aitwe. Alhamisi saa tatu. Akichelewa fomu naisaini peke yangu na lawama nabeba mwenyewe."

"Hatachelewa sana," alisema Mama Kaza.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mama sebuleni amevaa gauni la kutokea, mkoba begani upande wa kushoto. "Nipe lifti," akasema. "Nina shughuli mjini."

Njia nzima nilimlalamikia W-17. Ndivyo nilivyo, nikikereka lazima nimkere na mwingine. Nikamwambia mama kuna mtu mmoja anakaza kilo tisa na bado anajiita mzima, amekuja kunivurugia wenzake ishirini na tisa ambao wamekaza vizuri. "Watu wengine, sijui vichwani mwao mna nini," nikasema.

Mama alikuwa anatazama nje. "Labda ana sababu yake."

"Jedwali halina safu ya sababu, Mama."

"Umemfanya nini?"

"Nimemfuta."

Tukafika kwenye mzunguko wa barabara. Pale, foleni ya kuingia hospitali ilikuwa imeanza, nikamwambia ashuke hapohapo, mjini si mbali, kwa sababu nachelewa kumpima mtu. Alihangaika na mkanda wa kiti. Kifungio kilikuwa upande wake wa kulia, akawa anakitafuta kwa mkono wa kushoto, amejipinda kama mtu anayejikuna mgongo. Gari la nyuma likapiga honi. Nikanyoosha mkono, nikamfungulia kwa haraka, nikamwambia "haya, Mama". Akashuka.

Saa tatu na dakika kumi W-17 alikuwa hajafika. Nilikuwa nimeshatoa kofia ya kalamu nisaini fomu. Mlango ukagongwa, akaingia mama, anahema kwa sababu ya ngazi.

"Mama, si ulisema una shughuli? Nina mtu hapa. Nisubiri kwenye benchi."

Hakwenda kwenye benchi. Aliketi kwenye kile kiti, akaweka mkoba sakafuni, akainua mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akaulaza juu ya mkono wa kiti, kiwiko nyuzi tisini, bila kuambiwa.

"Shughuli yenyewe ni hii," akasema.

Nimesikia watu wakisimulia kwamba siku ya namna hiyo dunia husimama. Mle ndani ilisimama feni, lakini ile husimama kila saa. Nilimtazama Mama Kaza, aliyekuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshika daftari la majina, kufuli la droo limefunguliwa, na hakufungua ukurasa wowote. Hapakuwa na haja.

Sikujua nifanye nini, kwa hiyo nilifanya kazi yangu. Nilimkamatisha mama kishikio. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na kidole cha mwisho kilikataa kujikunja, nikakikunja mimi. Nikasema kwa sauti ya kanuni, "Ukiwa tayari, kaza. Kaza, kaza, kaza. Legeza." Tisa. Kanuni inataka mara tatu. Mara ya pili, nane. Mara ya tatu sauti ya kanuni ikanikimbia, nikasikia mtu anasema, "Kaza, Mama. Kaza kidogo tu, mama yangu." Alikaza mpaka shingo ikasimama mishipa na machozi yakamtoka. Saba.

Mama Kaza hakuniandikia kosa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Wiki mbili kabla sijaja hapa mara ya kwanza. Nilikuwa napiga mswaki. Ukaanguka. Nikauokota, ukaanguka tena. Mdomo ukawa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Mchana mdomo ukarudi. Mkono haukurudi."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia," akasema mama. Hakuwa amekasirika, na ningependa sana angekasirika. "Uliniomba mara mbili nikiwa mzima, nikakataa. Nilipougua nikaja mwenyewe. Nilikaa hapa, nikakaza, nikaandikwa. Nikasema, mwanangu atasoma. Kazi yake ni kusoma. Nikawa nangoja mezani kila jioni."

"Si ungesema tu kwa mdomo, Mama."

"Ningesema lini? Kila jioni unakuja na wagonjwa wako mezani. Yule bega, yule kidole. Mkono uliokuwa unausifia katika nyumba ile ulikuwa mmoja. Nikashindwa kulitoa neno. Nilitaka uone wewe, uniambie wewe, mimi nishtuke kidogo, halafu tuanze dawa."

"Nilikufuta."

"Nimesikia. Kwenye gari."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na chini ya aibu kulikuwa na hofu, kwa sababu najua kile ambacho mgonjwa hajui. Kiharusi kidogo mara nyingi hutangulia, kikubwa kinakuja nyuma yake. Wiki kumi na moja mama alikuwa amelala chumba cha pili, bila dawa hata moja, na kila asubuhi ingeweza kuwa ile asubuhi. Nilimpima presha. Mia moja tisini kwa mia moja kumi. Tulimshusha chini kwa kiti cha magurudumu, akapigwa picha ya kichwa, na picha ikaonyesha alama upande wa kushoto, ule unaoamuru mkono wa kulia, ndogo kama punje ya dengu. Kijana wa picha alinionyesha kwa kalamu, kama vile nisingeweza kuiona.

Tukiwa tunangoja dawa nikamuuliza Mama Kaza kwa nini alininyamazia. Akaniambia kwamba siku ya kwanza, mshale uliposimama kwenye tisa, alimsihi mama aende kliniki siku hiyohiyo. Mama akamjibu, "Mwanangu ni daktari, tunakaa nyumba moja."

"Nikajua basi anatibiwa na bingwa," alisema Mama Kaza. "Nikajua hutaki watu wajue. Nilipokuona unaning'iniza ndoo, nikadhani unaigiza. Ulivyokasirika ndipo nikaelewa kwamba hujui kitu."

 Nikaenda kuulizia dawa imefikia wapi.

Mama hakurudi kwenye jedwali. Hawezi kuwa W, kwa sababu si mzima. Hawezi kuwa K, kwa sababu alitia saini fomu ya ridhaa ya kundi la wazima, na kamati ya maadili ilichukua majuma manne kunieleza hivyo kwa barua ya kurasa sita. Akakosa kundi. Akawa mgonjwa wa kawaida, mwenye kadi, anayengoja kwenye benchi kama wengine, na Mama Kaza akamfanyisha mazoezi kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Nyumbani tuliweka kanuni. Kwa saa nne kila siku mkono wa kushoto unavalishwa soksi na kufungwa kwa kamba ya kiatu, ili wa kulia usiwe na pa kujificha. Na hakuna ruhusa ya kumsaidia. Mama akitaka chumvi, aifuate chumvi. Mke wangu aliondoka mezani mara tatu wiki ya kwanza kwa sababu alishindwa kutazama. Mama alitutukana kwa adabu, kwa majina ya wanyama wadogowadogo. Mama Kaza aliazima muhuri wa zamani mapokezi, ule wa "IMEPOKELEWA", akampa mama pamoja na magazeti. Mara mia mbili kwa siku. Wiki za mwanzo muhuri ulianguka ubavu, ukaacha nusu ya neno. Baadaye neno zima likaanza kutokea, limepinda. Kuna gazeti nyumbani ambalo rais na mawaziri wote wamepokelewa usoni.

Mwezi wa kwanza, kilo kumi. Wa pili, kumi na mbili. Wa tatu, kumi na nne. Wa nne, kumi na nne. Wa tano, kumi na nne.

Siku mshale uliposimama kwenye kumi na nne kwa mara ya tatu nilimpima mimi, kwa sababu Mama Kaza alikuwa likizo. Mama aliachia kishikio, akasugua kiganja, akatazama ukutani. Alikuwa ameiona grafu ile kila juma kwa miezi mitano na hakuwahi kuiulizia.

"Mstari wa juu ni wa nani?"

"Wa walioanza mazoezi mapema."

"Na wa chini?"

"Waliochelewa."

"Wiki tisa ni kuchelewa?"

Nilijishughulisha na kamba za mashine. "Ndiyo, Mama."

"Tangu pale mashine yako iliponisoma mpaka ukanisoma wewe," akasema, kama anayehakikisha anwani kabla ya kupiga muhuri. "Kama ungenisoma siku ile, leo ningekuwa wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya. Nimewadanganya wagonjwa kwa mambo madogo kuliko hilo, na wakaenda nyumbani wamefurahi. Lakini grafu ni yangu, niliichora mwenyewe, na mtu aliyesoma tarehe kwa miaka thelathini na moja alikuwa anaifuata kwa kidole.

"Labda kumi na tisa," nikasema.

Alihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, kimoja baada ya kingine, pamoja na kile cha mwisho, ambacho sasa kinakunjika kikibembelezwa. "Kilo tano."

"Labda. Kila mtu na mwili wake."

"Tano," akasema. "Hazirudi?"

"Hazirudi, Mama. Ni kosa langu. Zote ni kosa langu."

Alinikata jicho, lile la zamani, lililokuwa linatangulia kofi. "Usinidhulumu. Mimi sikusema, wewe hukusoma. Tunagawana. Mbili na nusu zako, mbili na nusu zangu."

"Mama..."

"Zangu nazitaka."

Nikamwambia sawa. Nilikuwa nalia, nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na hakukuwa na mtu mwingine chumbani wa kulishuhudia. Mama alinipa leso kutoka kwenye mkoba, akaufunga mkoba mwenyewe, tukashuka ngazi polepole mpaka garini.

Nilikaa, nikawasha gari, nikafunga mkanda wangu. Mama akavuta wake, akaupitisha kifuani, akaanza kutafuta kifungio kwa mkono wa kulia. Alikosa mara ya kwanza. Akakosa mara ya pili. Nyuma yetu kulikuwa na gari la wagonjwa lisilo na haraka na teksi yenye haraka, na teksi ikapiga honi, ikapiga tena. Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani nami niliiacha hapohapo. Mara ya nne kifungio kikalia.

"Twende," akasema mama. "Na leo jioni usiniletee bega la mtu mezani."